Mpunga, mchele, wali: Kikorea kiko karibu na jiko la Katindiuka kuliko wengi wanavyodhani

Mtoto wa Katindiuka anaijua tofauti hii kabla hata hajaanza shule. Kilichoko shambani ni mpunga. Kinachotoka mashineni ni mchele. Kinachopakuliwa kwenye sahani ni wali. Akifika sekondari anaambiwa kwamba kwa Kiingereza vyote vitatu ni neno moja tu, "rice".

Siku akifungua somo la Kikorea kwenye simu, maneno yake matatu yanarudi. Mpunga ni *byeo* (벼). Mchele ni *ssal* (쌀). Wali ni *bap* (밥).

Korea na Bonde la Kilombero zimeishi na mpunga kwa muda mrefu, na lugha za pande zote mbili zinaonyesha hivyo. Shida ni kwamba kijana wa Ifakara anayejifunza Kikorea kwa bando lake mara nyingi hapiti njia hiyo ya mkato. Anazungushwa kupitia Kiingereza. Na pembeni ya njia hiyo ndefu wapo watu wanaouza ndoto za ajira.

Kwa ufupi:

- Chakula na maisha ya nyumbani ni mlango rahisi wa Kikorea kwa anayezungumza Kiswahili, kwa sababu vitu vingi tayari anavyo.
- Masomo mengi ya bure mtandaoni yanamtaka mwanafunzi ajue Kiingereza kwanza.
- Kujua Kikorea si tiketi ya kwenda kufanya kazi kiwandani Korea. Mpango rasmi wa ajira hizo umejaa nchi za Asia, na Tanzania haimo.

Kwa nini Kikorea, na kwa nini sasa?

Tanzania na Korea Kusini zina uhusiano wa kibalozi tangu mwaka 1992, lakini miaka ya karibuni ndiyo mwananchi wa kawaida ameanza kuuona kwa macho. Hospitali ya Mloganzila, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa kwa mkopo wa Korea. Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam, lililoanza kutumika mwaka 2022, vilevile.

Anayetoka Ifakara kwenda Dar siku hizi anaweza kupanda basi mpaka Morogoro, kisha akamalizia safari kwa treni ya umeme ya SGR. Treni zile Watanzania walizozipa jina la "mchongoko" zimetengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Mkataba wa mwaka 2021 ulikuwa wa vichwa 17 vya umeme na mabehewa 80 ya treni hizo.

Juni 2024, mwezi uleule safari za Dar–Morogoro zilipoanza, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Korea kwa ziara na kwa mkutano wa kilele wa Korea na Afrika. Kilichotangazwa huko ni mkopo wa masharti nafuu wa hadi dola bilioni 2.5 za Marekani kwa kipindi cha 2024 hadi 2028.

Hayo ni mambo ya serikali na makampuni. Mtaani, Korea iliingia kwa mlango mwingine kabisa: tamthilia. *Jumong*, iliyorushwa na kituo cha MBC cha Korea kati ya 2006 na 2007 ikiwa na sehemu 81, ilitazamwa sana Tanzania, kuanzia DVD za mtaani hadi vibanda vya video. Baadaye zikaja simu janja, BTS na *Squid Game* ya mwaka 2021.

Hapa kuna jambo ambalo halizungumzwi sana. Watanzania wengi waliipenda Korea kwa sauti ya Kiswahili. Madijei wa kutafsiri waliwapa watazamaji hadithi, wakawachekesha na kuwaliza, lakini sauti yao ilifunika Kikorea chenyewe. Mtu aliangalia sehemu 81 akamaliza bila kushika hata neno moja. Alichobaki nacho ni picha: watu wamekaa chini kuzunguka meza fupi, mabakuli madogo madogo, mzee anaanza kula ndipo wengine wanafuata.

Picha hizo zinatosha kuanzia. Lugha iliyofunikwa na sauti ya dijei bado inaonekana mezani.

Sufuria moja, msamiati mzima

Neno *bap* ni wali, lakini Mkorea akisema *bap* anaweza pia kumaanisha mlo wowote. Ndiyo maana salamu ya kawaida kati ya watu wanaojuana ni *bap meogeosseo?*, yaani "umekula?" Anayeuliza si lazima awe na chakula cha kukukaribisha. Anakujulia hali, kama huku mtu anavyouliza "umeshindaje?"

Kuna mambo mengine ambayo mpishi yeyote wa Kilombero hahitaji kufafanuliwa:

- *Nurungji* ni ukoko, ule wali ulioshika chini ya sufuria. Wakorea hawautupi. Wanautafuna, au wanaumwagia maji na kuuchemsha kupata kinywaji cha moto kiitwacho *sungnyung*.
- *Juk* ni uji. Uji wa mchele ni chakula cha mgonjwa kule kama ulivyo huku.
- *Non* ni shamba la mpunga lenye maji, yaani majaruba. Shamba kavu lina neno lake, *bat*.
- *Mo* ni miche ya mpunga, na kazi ya kuipandikiza inaitwa *monaegi*.

Ukiingia sokoni orodha inaendelea: pilipili ni *gochu*, kitunguu saumu ni *maneul*, tangawizi ni *saenggang*, chumvi ni *sogeum*, samaki ni *saengseon*. Ukichanganya vinne vya kwanza na kabichi ya Kichina umekaribia *kimchi*, mboga iliyochachushwa ambayo haikosekani kwenye meza ya Mkorea. Utaratibu wa familia na majirani kukusanyika kutengeneza kimchi nyingi kwa ajili ya majira ya baridi unaitwa *kimjang*, na uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2013.

Chakula kimekuwa mlango wa Kikorea duniani kote, si kwa Waswahili tu. Kamusi ya Kiingereza ya Oxford ilipoongeza maneno 26 yenye asili ya Korea mwaka 2021, kadhaa kati yake yalikuwa ya jikoni, kama *kimbap*, *bulgogi*, *japchae* na *banchan*. Hilo la mwisho ni vile vitoweo vidogo vinavyozunguka bakuli la wali.

Tofauti ni kwamba Mwingereza ilibidi ayaazime maneno hayo. Mkulima wa Katindiuka ana ya kwake yanayolingana na mengi ya yale ya mpunga, na anayatumia kila siku.

Baba mkubwa ni baba mkubwa

Ukitoka kwenye sufuria ukaenda kwa walaji, ukaribu unaongezeka.

Kiingereza kina neno moja kwa kaka zote za baba na za mama. Kikorea, kama Kiswahili, kinawatenganisha. Kaka mkubwa wa baba ni *keun-abeoji*. Neno *keun* maana yake ni kubwa na *abeoji* ni baba, kwa hiyo ni baba mkubwa, neno kwa neno. Mdogo wake baba, hasa akishaoa, ni *jageun-abeoji*, yaani baba mdogo. Mjomba ana jina lake, *oesamchon*. Shangazi ni *gomo*. Dada wa mama ni *imo*, awe mkubwa au mdogo.

Hilo neno *imo* lina kazi nyingine. Kwenye mgahawa wa kawaida Korea, mteja humwita hivyo mama anayehudumia, ingawa hawana undugu wowote. Yeyote aliyewahi kusema "mama, niongezee mchuzi" kwa mama ntilie wa Ifakara anaielewa desturi hiyo bila mwalimu.

Heshima nayo inapita kwenye chakula. Kijana hamuulizi mzee *bap meogeosseo?* Atabadilisha karibu kila kitu: badala ya *bap* atasema *jinji*, na badala ya kitenzi cha kawaida cha kula atatumia cha heshima. Swali linakuwa *jinji deusyeosseoyo?* Maana ni ileile, "umekula?", lakini akikosea neno amemvunjia mzee heshima. Kijana aliyelelewa kwa shikamoo anajua kwamba salamu ya rika na salamu ya mkubwa haziingiliani.

Mezani, mkubwa ndiye anayeanza kushika kijiko. Kitu kinapokelewa kwa mikono miwili. Kabla ya kula mtu anasema *jal meokgesseumnida*, akimaanisha atakula vizuri, na akimaliza anasema *jal meogeosseumnida*, amekula vizuri. Ni shukrani kwa aliyepika.

Kuna hata msemo unaofanana kabisa na wa huku. Watu walioishi pamoja na kupitia shida pamoja, Wakorea husema wamekula *hansotbap*, wali wa sufuria moja. Kiswahili kinasema wamekula chungu kimoja.

Wanakula umri, sisi tunakula chumvi

Sehemu tamu zaidi iko kwenye kitenzi chenyewe, *meokda*, yaani kula.

Kwa Kiswahili mtu hali ugali na samaki tu. Anakula kiapo, anakula hasara, anakula njama, anakula rushwa. Mzee amekula chumvi nyingi.

Mkorea naye anakula visivyolika. Anayezeeka "anakula umri" (*nai*). Aliyeogopa "amekula woga" (*gyeop*). Aliyetukanwa "amekula matusi" (*yok*). Aliyeamua jambo moyoni "amekula moyo" (*maeum*).

Mwanafunzi anayepitia Kiingereza anapewa misemo hiyo kama maajabu ya kukariri moja moja. Anayetoka kwenye Kiswahili anaweza kuambiwa sentensi moja tu: "Ni kama kula kiapo." Ataelewa hapohapo, na atakumbuka.

Pale panapokuwa pagumu

Ukaribu huo haufanyi Kikorea kuwa lugha rahisi. Kuna vigingi vitatu ambavyo mwanafunzi anapaswa kuvijua mapema asije akakata tamaa.

Cha kwanza ni mpangilio. Kitenzi kinakaa mwisho. "Juma anakula wali" inakuwa "Juma wali anakula". Zaidi ya hapo, kitenzi cha Kikorea hakisemi ni nani. Neno *meogeoyo* linaweza kuwa ninakula, unakula au anakula, na msikilizaji anajua kwa mazungumzo. Kiswahili kinambandika mtu mwanzoni mwa kitenzi. Kikorea kinabandika kiwango cha heshima mwishoni.

Cha pili ni sauti. Kuna *bul*, *pul* na *ppul*. La kwanza ni moto, la pili ni majani, la tatu ni pembe. Sikio lisilozoea linasikia neno moja. Hapa hakuna njia ya mkato, lazima kusikiliza sana, na kusikiliza kunakula bando. Upande mwingine, Kikorea kina herufi moja tu, ㄹ, inayobeba r na l kulingana na mahali ilipokaa. Anayechanganya "kula" na "kura" angalau hapo hatakosea tahajia.

Cha tatu ni maandishi, lakini hiki kinatisha kwa macho kuliko kilivyo. Mfalme Sejong alikamilisha herufi za Hangul mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446, akilenga watu wa kawaida walioshindwa herufi za Kichina. Leo za msingi ni 24. Zinapangwa kwa silabi: 밥 ni b, a na p zilizokaa kwenye kiboksi kimoja. Mtu aliyejifunza kusoma kwa "ba, be, bi, bo, bu" darasa la kwanza ana mbinu hiyo tayari. Na herufi hazihitaji intaneti. Daftari na kalamu vinatosha.

Daraja linalopita mto mara mbili

Kama ukaribu upo kiasi hicho, kwa nini hauonekani kwenye masomo?

Jibu ni Kiingereza. Kozi nyingi maarufu za Kikorea za bure zimeandikwa kwa anayejua Kiingereza. Duolingo, kwa mfano, ina kozi ya Kiswahili, lakini ni ya kumfundisha Kiswahili mtu anayejua Kiingereza. Taasisi ya King Sejong, inayoungwa mkono na serikali ya Korea, ina masomo mazuri ya mtandaoni na ina kituo Nairobi, lakini Nairobi ni mbali na Kilombero.

Watoto wengi wa Tanzania husoma msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia wakiwa kidato cha kwanza. Aliyeishia darasa la saba, au aliyemaliza kidato cha nne huku Kiingereza kikimpiga chenga, anajikuta anajifunza lugha mbili kwa wakati mmoja. Anauliza maana ya *ssal*, anajibiwa "rice". Anauliza *bap*, "rice". *Byeo*, "rice" tena. Anadhani Kikorea kina fujo, kumbe fujo iko katikati.

Linganisha na Kichina. Kina Taasisi za Confucius Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na kimepata nafasi katika shule. Kikorea bado hakijaenea kiasi hicho.

Cha kushangaza ni kwamba wataalamu wa lugha hizi mbili wapo. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni nchini Korea Kusini kimekuwa kikifundisha Kiswahili tangu miaka ya 1980. Ina maana kwa miaka 40 hivi Wakorea wamekuwa wakiandaa watu wao waje kwenye Kiswahili moja kwa moja. Anayetoka upande wa huku ndiye bado anazungushwa.

Hapa ndipo pa kuwa macho

Pengo la taarifa kwa Kiswahili lina gharama, na gharama kubwa iko kwenye ajira.

Korea inahitaji wafanyakazi. Mwaka 2023 kiwango cha uzazi kilishuka hadi wastani wa watoto 0.72 kwa mwanamke. Mwaka 2024 serikali ya huko ilitenga nafasi 165,000 za vibali vya wafanyakazi wa kigeni kwenye viwanda, mashamba, uvuvi na ujenzi kupitia mpango uitwao EPS, ulioanza mwaka 2004. Ili kuingia, mwombaji hufanya mtihani wa Kikorea, EPS-TOPIK.

Kijana akisikia nusu ya habari hiyo, yaani "jifunze Kikorea, faulu mtihani, nenda kiwandani", anaona ni dili. Nusu ya pili ndiyo muhimu: EPS huendeshwa kwa makubaliano kati ya serikali na serikali, na nchi zilizomo ni za Asia, kama Nepal, Bangladesh, Indonesia, Sri Lanka na Mongolia. Hakuna nchi ya Afrika. Kwa hiyo anayemuuzia Mtanzania "kozi ya Kikorea pamoja na nafasi ya kiwandani" kwa jina la EPS anauza kitu ambacho hana.

Njia halali ambayo lugha inasaidia kweli ni masomo. Ufadhili wa serikali ya Korea uitwao Global Korea Scholarship hulipa ada, tiketi na posho, na kwa kawaida humpa mwanafunzi mwaka mmoja wa kusoma Kikorea hukohuko kabla ya kuanza shahada. Mwombaji anayejua Hangul na maneno 500 ya jikoni hajashinda bado, lakini mwaka huo hautamkuta mikono mitupu.

Kabla ya kutoa hata shilingi, maswali matatu yanatosha:

- Je, wakala huyu ana leseni ya kuunganisha watu na ajira? Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ndio mahali pa kuulizia.
- Anachouza ni lugha au ni visa? Mwalimu wa lugha hatoi visa.
- Tangazo hilo lipo kwenye tovuti ya ubalozi wa Korea, au lipo kwenye grupu la WhatsApp tu?

Kinachoweza kufanyika bila kusubiri mradi

Kitu cha kwanza kinachokosekana ni kidogo na hakina gharama kubwa: orodha ya maneno ya Kikorea iliyoelezwa kwa Kiswahili, ikianzia shambani, sokoni na jikoni. Mpunga, mchele, wali, ukoko, uji. Baba mkubwa, shangazi, mjomba. Kula umri, kula moyo. Ukurasa kumi tu za PDF zinazotumwa simu kwa simu zingemwokolea mwanafunzi miezi ya kuhangaika na "rice".

Cha pili ni namna ya kutazama. Tamthilia yenye sauti ya dijei ni burudani, na iendelee. Anayetaka lugha achague kipande kifupi chenye sauti halisi, dakika mbili za watu wakiwa mezani, akipakue mara moja na kukirudia wiki nzima. Bando linapungua, sikio linapata kazi.

Cha tatu ni faida ya upande huu. Ifakara ni mji wenye kituo cha utafiti wa mpunga, TARI Ifakara, ambacho wengi bado wanakiita KATRIN. Korea nayo imeingia Afrika na mpunga: mwaka 2023 ilizindua mpango uitwao K-Ricebelt, na Kenya na Uganda zilikuwemo tangu mwanzo. Wataalamu wa mpunga wa Korea wanapokuja Afrika Mashariki wanahitaji watu wanaojua kwamba *byeo*, *ssal* na *bap* ni vitu vitatu tofauti.

Katindiuka, kila mtu anajua hilo. Kilichobaki ni kuandika mpunga, mchele na wali kwenye ukurasa mmoja na 벼, 쌀 na 밥, bila kupitia neno la tatu.